Hita Iliyomkataa Kabibi

Kabibi wa Kakuyuni hakuwahi kuvunja kitu cha mtu. Aliapa hivyo mbele ya chifu, akaapa mbele ya mchungaji, akaapa mbele ya mumewe, na mara zote tatu alisema kweli tupu. Kabibi hakuvunja. Alitoa tu kidude kimoja, kile ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka kikosekane, akakifunga katika pindo la leso yake, kisha akaketi kusubiri mambo yaje yenyewe.

Wa kwanza kuonja alikuwa mumewe, marehemu Dzombo. Dzombo alikuwa na baiskeli nyeusi ambayo kila jioni ilijua njia moja tu, ya kwenda mangwe ya Garama, wanaume wanakokaa chini ya makuti wakinywa mnazi na kuunda serikali mpya. Wanawake wengine wenye waume wa namna hiyo walipiga kelele, wakarudi kwa baba zao, wakarejeshwa, na mnazi ukaendelea kunywewa. Kabibi alichukua nati. Nati moja, ile inayokaza kiti cha baiskeli. Jioni hiyo Dzombo alipanda, akakanyaga pedali, kiti kikageukia kushoto. Akakiweka sawa, kikageukia kulia. Alifika mangweni ameketi ubavu kama bibi harusi, na wenzake walicheka hata Garama akamwaga mnazi wake mwenyewe. Dzombo aliitafuta nati ile wiki nzima. Mkewe alimsaidia kwa moyo wote, akainama mpaka uvunguni mwa kitanda, leso imefungwa kiunoni.

Wa pili alikuwa Kitsao mwenye kinu, aliyekuwa amebandika kijiwe kwa lami chini ya sahani ya mizani ili mahindi ya watu yawe mazito wakati wa kulipia kusaga. Kabibi alikibandua siku ya gulio, mchana kweupe, huku akimuuliza Kitsao habari za watoto. Kitsao alijua ameibiwa, na alijua ni nani, lakini angeenda kushtaki nini? Alimwamkia Kabibi kwa adabu sana tangu siku ile.

Mwanawe wa pekee, Owen, alikulia katika nyumba hiyo na hakujifunza lolote. Watoto wa kiume wana macho, ila hawaangalii pindo za leso. Alisoma, akapata kazi ya ukarani kwa muuza vifaa vya ujenzi mjini Malindi, akapanga nyumba Muyeye, akaoa.

Alioa mtu wa bara. Viola alitoka Embu, msichana mrefu mwenye haya, muuzaji katika duka la dawa, aliyefiwa na mama yake akiwa bado shuleni. Kabibi hakuwa na neno naye, ila hakumjua. Umwulize Viola lolote, atakujibu, "Sawa, mama." Chai ina sukari? Sawa, mama. Umechoka? Sawa, mama. Kabibi alizoea watu ambao ukiwagusa wanasema, na huyu mkaza mwana wake alikuwa mlango uliofungwa kwa ndani, tena kwa heshima.

Kisha Viola akajifungua msichana. Kwa Wagiriama msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, kwa hiyo kabla hajafumbua macho vizuri mtoto alikwisha kuwa Kabibi. Kabibi mkubwa alishuka Malindi siku ileile na kapu la majani ya mwarobaini, chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, leso za kumfunga mzazi tumbo, na kuku mmoja aliyelalamika njia nzima. Hakuna aliyemwita, wala hakungoja kuitwa. Mzazi hukandwa mpaka arobaini iishe, na wa kumkanda ni mama yake. Mama yake akiwa hayupo, ni mama wa mume. Huyu mtoto wa watu hana mama. Kuna swali gani tena hapo?

Kukanda si kuoga. Maji huchemshwa na majani mpaka yabadilike rangi, kisha kitambaa huchovywa, hukamuliwa, na kuwekwa tumboni, kiunoni, mgongoni, kingali kinafuka. Maji yasiyomfanya mzazi aseme "mama yangu!" hayo ni ya kuoshea vyombo. Kabibi aliweka mafiga matatu uani nyuma ya nyumba, akawasha kuni, akainjika sufuria kubwa. Siku ya kwanza Viola alilia. Siku ya pili aliuma ncha ya kanga. Siku ya tatu Kabibi, ili amsahaulishe moto, alimsimulia habari ya nati ya baiskeli, na katikati ya mvuke ule, kitambaa kikiwa mgongoni, Viola akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa ambayo Kabibi hakujua kwamba anayo.

"Na hukumwambia mpaka akafa?" Viola aliuliza.

"Nimwambie ili iweje? Nati yenyewe ninayo mpaka leo. Geuka huku."

Tangu hapo kila kikao kilikuwa na hadithi yake. Mlango ule ukaanza kufunguka. Viola alieleza habari za Embu, na baridi ya kwao, na jinsi mama yake alivyokuwa akimsuka huku akimpiga kofi asitikise kichwa. Alipomaliza kukandwa na kupakwa mafuta, Kabibi alimfunga tumbo kwa leso, naye alilala kama mtoto. Na yule mwingine, mtoto mwenyewe, Kabibi alimchukua kifuani na kuzunguka naye uani akimwita somo yake, maana jina lao ni moja, akimweleza majirani wote kwa majina na kasoro zao.

Sasa ngoja tumlete Owen.

Owen alikuwa na aibu ya moshi. Moshi wa kuni uliingia sebuleni, uliingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, na jirani alikuwa na mdomo. Zaidi ya hayo, aliona macho ya mama yake mekundu kila asubuhi na roho ikamuuma, ingawa hilo hakumwambia. Shawa ya stima waliyokuwa nayo bafuni iliungua kabla ya mtoto kuzaliwa. Basi alipopata habari kwamba kuna Mwitaliano anauza vyombo vya nyumba yake ili arudi kwao, Owen alikwenda akarudi na hita ya gesi, sanduku jeupe lenye kioo kidogo mbele unapoona moto. Ukifungua mfereji, maji yanapita ndani yake, linajiwasha lenyewe, vuuu, na maji yanatoka yamechemka. Ukifunga, linazimika. Fundi Kyalo akalifunga ukutani nje ya bafu, mtungi wa gesi chini yake, na Owen akasimama mbele yake mikono kiunoni kama aliyelizaa.

"Mama, kuni basi," alisema. "Sasa pumzika."

"Asante, mwanangu," Kabibi alisema, akaenda kuanua nepi. Ndipo aliposikia kwa dirisha Owen akizungumza kwa simu na rafiki yake. Alikuwa anacheka. "Hita ikishika vizuri tu, mama nampeleka Kakuyuni," alisema. "Hapa tena hana kazi."

Kabibi alisimama na nepi mkononi. Huko Kakuyuni alikuwa na muhogo, mikorosho na nyumba ya vyumba viwili ambamo jioni hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba chumvi imezidi. Tangu Dzombo afe alikuwa anazungumza na kuku. Hapa alikuwa na somo yake na mtu wa kucheka hadithi zake. Hana kazi! Machozi yalimjia, akayafutia nepi, na nepi ilikuwa kavu, ikayanywa yote.

Asubuhi iliyofuata, kabla hata hajapata nafasi ya kuwaza ubaya, hita ikazimika yenyewe.

Alikuwa ameingia bafuni na Viola, amefungua mfereji, maji yakaja na moto wake. Hayakumtosha. Akapunguza mfereji ili yachemke zaidi, kama Owen mwenyewe alivyomfundisha Krismasi kwa ile shawa ya stima: "Punguza maji, mama, ndipo yapate moto." Kila mtu katika nchi hii mwenye shawa ya stima anajua hivyo. Akapunguza mpaka yakatoka uzi. Nje pakasikika tak, na maji yakawa baridi. Akafunga, akafungua. Vuuu. Akapunguza. Tak.

"Owen!" aliita kupitia mlango. "Kitu chako kimekufa!"

Kabibi aliwasha kuni, na Owen akampigia fundi.

Kyalo alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya kampuni ya rangi na imani kubwa juu ya nafsi yake. "Shikamoo mama," alisema, "hii kitu haiwezi kunishinda." Akatoa betri za kuwashia, akazionja kwa ulimi, akakunja uso, akaweka mpya. Akaingia bafuni, ambako sasa hapakuwa na mtu, akafungua mfereji mpaka mwisho kama fundi yeyote anavyofanya. Vuuu. Maji moto yakamwagika kwa nguvu. "Mashine haina ubaya," alisema, akaenda zake.

Asubuhi, tak.

Akarudi. Safari hii alifungua chujio la maji akatoa chumvi iliyoganda, akamwonyesha Owen kiganjani. Maji ya huku, alisema, yanakula chuma. Akafungua mfereji mpaka mwisho. Vuuu. Mashine haina ubaya. Asubuhi, tak. Akabadili kichwa cha mtungi. Akaulaumu upepo wa bahari, akakata bati akalijengea sanduku ukuta wa kuzuia upepo, likawa na sura ya banda la njiwa. Kila akijaribu mwenyewe, linawaka. Kila mzazi akiingia kukandwa, linazimika.

Mtu mwenye akili atauliza, kwa nini Kyalo hakuingia bafuni akaangalia Kabibi anavyofungua mfereji? Swali hilo liulizwe na mgeni. Mwanamume gani ataingia mahali mzazi anapokandwa? Hata Owen, mume wake, alikuwa anakohoa akipita karibu na mlango. Kwa hiyo asubuhi moja Kyalo alisimama nje, pua kwenye kioo cha hita, akapiga kelele ukutani.

"Mama, maji yanakuja?"

"Yanakuja!"

"Moto iko?"

"Ipo kidogo! Ngoja niyapate vizuri!"

Tak. Kyalo akaona ulimi wa moto ukifa mbele ya macho yake, bila upepo, gesi ikiwa tele na betri zikiwa mpya. Akavua kofia. "Owen," alisema taratibu, "hii nyumba mliangalia vizuri kabla ya kuhamia?"

"Unasema kuna jini?"

"Mimi sijasema. Mimi ni mtu wa kanisa."

Kabibi aliwasikia na akacheka ndani ya leso, ingawa bado hakujua siri ilikuwa nini. Aliijua mchana wa siku hiyo. Viola alikuwa amelala na mtoto, Kabibi akaingia kufua nepi. Nepi hazikandwi, akafungua mfereji wote bila kujali. Vuuu, maji yakaja na hayakukatika. Akashangaa, akapunguza kidogo. Bado. Akapunguza tena, tena, mpaka uzi. Tak. Akafungua. Vuuu. Akapunguza. Tak. Alifanya hivyo huku akicheka peke yake, kama mtoto aliyepata filimbi. Kumbe sanduku hili lilikuwa halitaki maji machache! Shawa ya stima ukiinyima maji inakasirika na kuchemka. Hii ukiinyima inasusa.

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akafikiri. Angeweza kutoka pale na kumwambia Owen, na mambo yangekwisha kabla ya chai. Hita ingeshika vizuri, na yeye angepelekwa Kakuyuni kuzungumza na kuku. Akakumbuka nati. Akakumbuka kijiwe cha Kitsao. Safari hii hapakuwa hata na cha kufunga kwenye pindo. Alichohitaji kutoa kilikuwa maji kidogo tu, na maji hayana mwenyewe. Akafunga mfereji, akaenda kuanika nepi, uso mtakatifu.

Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda kama alivyotaka. Kuni ziliwaka, Viola alikandwa, hadithi ziliendelea. Dhamira ilimsumbua upande mmoja tu, kwa Kyalo, aliyekuwa anakonda machoni. Basi kila alipokuja Kabibi alimwekea sahani ya muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Kyalo alikula, akasema hajawahi kuona mama mwenye huruma namna hii, akafungua sanduku tena. Alifika mahali pa kuota hita, na mkewe alimwambia achague.

Lakini mjanja huchelewa kuona shimo lililo mbele yake mwenyewe. Owen alikuwa anaoga kila asubuhi kabla ya kazi. Mfereji wote, maji tele, anaimba, na hita haikumzimikia hata mara moja. Jumatano jioni, wakila, akaweka kijiko chini.

"Mama, nimefikiri. Mashine hii haina ubaya. Mimi inanikubali. Kyalo inamkubali. Inakukataa wewe."

"Inanikataa mimi?"

"Labda mkono wako umezoea kuni. Kesho Viola ataingia peke yake, ajifungulie maji, aoge mwenyewe. Ikikubali, wewe Jumamosi nikupeleke nyumbani ukapumzike."

Kabibi alimtazama Viola. Viola alitazama sahani yake.

"Sawa," alisema Viola, na hata "mama" hakulitia.

Kabibi hakulala vizuri. Alimlaani Mwitaliano, akamlaani aliyegundua gesi, na alipofika kujilaani mwenyewe akageuka upande wa pili. Kama angesema ukweli mapema angalau angeondoka na sifa. Sasa angeondoka kama mtu aliyekataliwa na sanduku.

Asubuhi Viola akachukua kanga na sabuni, akaingia, akafunga mlango. Owen alikuwa sebuleni akifunga viatu. Kabibi alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya lile banda la njiwa la Kyalo, somo yake begani. Hakuwasha kuni. Alisikia mfereji ukifunguliwa. Vuuu. Kupitia kile kioo kidogo moto ulisimama wa buluu, imara, hauna shida na mtu.

"Haya, somo," alimwambia mtoto. "Bibi yako anakwenda zake. Wewe usiwe mtu wa sawa-sawa. Useme."

Tak.

Kabibi aliinua kichwa. Vuuu. Tak. Vuuu. Tak.

"Mama!" sauti ya Viola ilitoka ndani kubwa kuliko inavyohitajika, ya kumfikia mtu sebuleni. "Maji yamekuwa baridi! Mama, njoo!"

Kabibi alikimbilia ndani, akamtupia Owen mtoto, akapita. Alifungua mlango. Viola alikuwa amesimama na kanga yake, mkavu kabisa, hana tone la maji mwilini, na mkono wake ulikuwa bado juu ya mfereji. Mfereji ulikuwa umekazwa. Maji yalikuwa yanatoka uzi.

Wakatazamana.

"Hii mashine," alisema Viola, akiangalia dari, "ina tabia mbaya."

"Mbaya sana," Kabibi alisema. Kisha akashindwa kujizuia. "Umejua lini?"

"Siku ulipofua nepi. Sikuwa nimelala. Nilisikia vuuu, tak, vuuu, tak, halafu nikakusikia unacheka peke yako." Akaacha mfereji. "Mama, mimi nikiwa mikononi mwako najiona nina mama tena. Usiende Jumamosi."

Kabibi alimvuta yule mtoto wa watu mrefu mpaka kichwa kikafika begani kwake, akampigapiga mgongo, na wote wawili wakalia kidogo bafuni huku maji baridi yakimwagika bure. Halafu akapangusa pua. "Vua hiyo," alisema. "Naenda kuwasha kuni. Na ukiambiwa, hukuona kitu."

"Sawa, mama," alisema Viola, na safari hii Kabibi alijua vizuri maana yake.

Owen alimwita Kyalo. Kyalo alikuja, akafungua mfereji mpaka mwisho, ikawaka, akaketi chini sakafuni. Kabibi akamletea muhogo.

Arobaini ilipokaribia kwisha, Kabibi aliona si haki kijana wa watu apoteze jina mjini kwa sababu ya wanawake wawili. Alimwita mchana, mzazi akiwa chumbani na bafu likiwa tupu, akamwambia aje amwonyeshe namna ya kufungua, maana yeye ni mzee na mkono wake ni mzito. Akaweka mkono juu ya mfereji mbele yake, akapunguza polepole, polepole, akitazama pembeni kama mjinga. Tak.

"Mbona nikifunga hivi inazimika, fundi?"

Kyalo alisimama mdomo wazi. Akafungua, akapunguza. Tak. Akapiga paja. "Nimepata!" alipiga kelele. "Owen! Nimepata! Ni presha! Maji yakiwa kidogo haina nguvu ya kusukuma gesi ifunguke! Lazima mfungue yote, ndio iwake!" Alizunguka uani akimweleza kila mtu, akamweleza hata jirani mwenye mdomo, na kwa Kabibi akaeleza mara mbili kwa utulivu, kwa sababu mzee huhitaji kuelezwa mara mbili. Kabibi alishangaa mara zote mbili. Akamsifu kwamba ana kichwa.

Basi hita ikawa sawa, arobaini ikaisha, mtoto akanyolewa, na Jumamosi Owen akapakia mzigo kwenye gari aliloazima kazini: kapu, chupa tupu ya mafuta, mfuko wa sukari na unga. Alimshika mama yake mkono pale mlangoni.

"Pole kwa kazi, mama. Nilikuwa nakuona na macho yale mekundu, nikasema nitamuua mamangu kwa moshi. Ndiyo maana nilinunua kile kitu. Nilidhani umechoka na sisi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Owen alijipapasa mfuko wa suruali, akajipapasa wa shati. Akarudi ndani, akatazama juu ya friji, juu ya televisheni, kwenye bakuli la matunda.

"Viola! Umeuona ufunguo wa gari?"

"Hapana," alisema Viola kutoka chumbani. "Hebu tazama uvunguni mwa kitanda. Ngoja nikusaidie."

Akainama, mtu mrefu yule, akatazama uvunguni kwa makini sana. Alikuwa amefunga kiunoni leso aliyopewa na mama mkwe wake siku ya kwanza ya kukandwa. Kabibi aliyekuwa amefika mlangoni mwa chumba aliiangalia. Katika pindo lake, upande wa kushoto, palikuwa na fundo dogo, gumu, lililokazwa na mtu ambaye bado anajifunza.

"Ulikuwa hapa sasa hivi!" Owen alilia. "Tutachelewa, mama, jua litakuwa kali."

"Tafuta taratibu, mwanangu," alisema Kabibi. "Mimi sina haraka."

Akavua viatu, akamchukua somo yake kitandani, akaketi naye sebuleni.